Kati ya "Hakuna" na "Hatutoi": Faili za Ujasusi na Haki ya Raia Kuuliza

Serikali yoyote inayoombwa faili za ujasusi wake huwa na majibu matatu ya kumpa mwombaji. La kwanza ni "hakuna": faili hiyo hatunayo. La pili ni "hatutoi": faili tunayo, lakini sheria inaturuhusu kuizuia. La tatu, ambalo ni la kijanja kuliko yote, ni "hatukubali wala hatukanushi". Raia aliyenyimwa faili huyaona majibu haya kuwa kitu kimoja, kwa sababu katika yote matatu hurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi, nikiwa mwalimu wa historia, nashikilia kwamba tofauti iliyopo baina yake ni kubwa mno, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kudai nyaraka za siri ni kuisukuma serikali kutoka jibu la kwanza hadi la pili. Nitalieleza jambo hilo kwa kisa ambacho ni chetu sisi Wakenya, ijapokuwa kiliamuliwa katika mahakama ya London.

Tarehe 3 Mei 1961, Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alituma maelekezo kwa makoloni yaliyokaribia kupata uhuru. Alitaja aina za nyaraka ambazo serikali mpya hazikupaswa kurithishwa: zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, zile ambazo zingewaaibisha polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au watu waliowapasha polisi habari, zile ambazo zingefichua vyanzo vya taarifa za kijasusi, na zile ambazo mawaziri wa serikali mpya wangeweza kuzitumia isivyofaa.

Naomba msomaji aitazame orodha hiyo kwa makini, maana ndani yake kuna fundisho linalofaa hata leo. Kuwalinda watu waliotoa taarifa kwa siri ni jambo ambalo serikali yoyote inaweza kulitetea, kwa kuwa mtu kama huyo akitajwa jina huenda akauawa. Lakini sababu hiyo yenye uzito ilifungwa katika kifurushi kimoja na sababu isiyo na uzito wowote wa kisheria, nayo ni aibu. Tangu siku hiyo, aibu imekuwa ikisafiri kwa pasipoti ya usalama.

Hapa Kenya, maelekezo hayo yalitekelezwa kwa mpangilio wa hali ya juu. Nyaraka ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza, lililoitwa "Legacy", lilikuwa la kurithishwa kwa serikali ya Waafrika. Fungu la pili, lililopewa jina "Watch", lilikuwa la kuchomwa au kusafirishwa Uingereza, na maofisa walioruhusiwa kuligusa walipaswa kuwa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika aliyekuwa akipandishwa cheo ili aiendeshe nchi yake hakuruhusiwa hata kujua kwamba fungu hilo lipo. Faili ilipoondolewa katika masjala na kuacha pengo, maofisa waliagizwa kutengeneza faili ya bandia na kuiweka mahali pake. Nyaraka zilizochomwa zilipaswa kuwa jivu, na jivu lenyewe kuvunjwavunjwa. Palipokuwa vigumu kuchoma, ziliruhusiwa kutiwa katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa katika maji yenye kina kirefu, yasiyo na mkondo, mbali na pwani. Watu walioandika maagizo ya namna hiyo walielewa vyema thamani ya karatasi.

Kufikia Desemba 1963, bendera yetu ilipopandishwa, takriban faili 1,500 zilizojaza karibu masanduku 300 zilikuwa zimekwisha kuondolewa Nairobi. Serikali ya Kenya haikulala. Mwaka 1967 iliomba nyaraka hizo zirejeshwe, ikakataliwa. Maombi mengine yalifuata katika miaka ya 1970 na 1980, nayo hayakuzaa matunda. Wakati huo hapakuwa na sheria ya kuegemea. Nchi moja iliiomba nchi nyingine kwa hisani, na hisani haina mahakama ya rufaa.

Hali ilibadilika, angalau katika karatasi, Uingereza ilipotunga Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005. Mwaka huo huo vilichapishwa vitabu viwili vya wanahistoria, kimoja cha David Anderson na kingine cha Caroline Elkins, vilivyoeleza kwa kina mateso na unyongaji wa wakati wa Hali ya Hatari. Mwaka uliofuata, mawakili waliokuwa wakiandaa kesi ya wazee wa Mau Mau waliitumia sheria hiyo kuiomba Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza nyaraka za Kenya. Waliambiwa kwamba nyaraka zote zilikuwa zimekwisha kupelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka mjini London. Kwa maneno mengine: hakuna.

Hebu tulifikirie jibu hilo. Kama wizara ingesema "tunazo, lakini hatutoi", mawakili wangeuliza: kwa kifungu kipi? Wangekata rufaa kwa Kamishna wa Habari, kisha kwa baraza la rufaa, na kila hatua ingeilazimu wizara kueleza sababu zake kwa maandishi. Lakini utakataje rufaa dhidi ya kitu kisichokuwepo? "Hakuna" huifunga sheria nje ya mlango. Ndiyo maana naliogopa neno hilo kuliko mihuri yote ya siri.

Ufunguo wa mlango huo ulipatikana kwa wanahistoria. Juni 2009, wazee watano waliopitia kambi za vizuizi walifungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, inayojulikana kwa jina la Ndiku Mutua na wenzake. Anderson, Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi kama wataalamu. Anderson aliyafuata maandiko ya zamani ya serikali yenyewe yaliyobaki wazi, ambamo maofisa walijadiliana kuhusu kusafirisha masanduku. Faili zenyewe zilifichwa, ila barua zilizozungumzia safari ya faili hazikufichwa zote. Aliweza kuiambia mahakama kuhusu faili 1,500, masanduku 300 na mwaka zilipoondolewa. Swali likabadilika. Mwanzo lilikuwa "je, mna nyaraka zozote kuhusu Kenya?" Sasa likawa "masanduku yale mliyoyapokea mwaka 1963 yako wapi?"

Januari 2011, wizara ilikiri kwamba masanduku yalikuwepo. Yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali chenye ulinzi mkali huko Buckinghamshire. Tena hayakuwa ya Kenya peke yake: zilitajwa faili zipatazo 8,800 kutoka maeneo 37 yaliyotawaliwa na Uingereza, Tanganyika, Uganda na Zanzibar zikiwemo. Baadaye hesabu iliongezeka, na mkusanyiko uliofunguliwa kwa umma kwa awamu kuanzia Aprili 2012 una takriban faili 20,000.

Balozi mstaafu Anthony Cary aliteuliwa kuchunguza jinsi faili hizo zilivyokosa kutajwa wakati zilipoombwa. Hakugundua njama ya watu waliokula kiapo. Alichokikuta, kwa maoni yangu, kinatisha zaidi: maofisa waliopokezana mzigo kizazi hadi kizazi, kila mmoja akiuona si wake, wakijiambia kwamba wao ni watunzaji tu wa mali isiyojulikana ni ya nani. Watumishi wa umma wanaosoma makala hii wataitambua hali hiyo. Siri nyingi za serikali hazilindwi na majasusi. Hulindwa na karani ambaye hajui kilicho ndani ya kabati, na mkuu wake ambaye hataki kujua.

Je, ndani ya masanduku mlikuwa na nini? Mlikuwa na ripoti za ujasusi za mikoa, kumbukumbu za vikao, na barua zilizothibitisha kwamba habari za mateso kambini ziliwafikia wakubwa mapema. Juni 1957, Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga mahabusu bila kuvuka mipaka ya sheria aliyokuwa akiisaidia kuitunga, akashauri kwamba kama wanatenda dhambi, basi waitende kimyakimya. Miaka miwili baadaye, Machi 1959, mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo huko Hola, na maelezo ya kwanza ya serikali yakasema walikufa baada ya kunywa maji. Ukizisoma nyaraka hizo pamoja, unaelewa kwamba Hola haikuwa ajali ya siku moja.

Wizara ilikuwa imejitetea kwa hoja ya ajabu kidogo, kwamba dhima ya yaliyotendeka kambini ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani deni tulirithishwa sisi, ila daftari la deni likabaki kwao. Julai 2011, Jaji Richard McCombe alikataa kuitupa kesi. Oktoba 2012 alikataa pia hoja kwamba muda ulikuwa umepita mno kwa kesi kusikizwa kwa haki. Sababu yake mojawapo kuu ilikuwa nyaraka: maofisa wa wakati ule waliandika karibu kila kitu, na maandishi hayo yalikuwa mengi kiasi cha kuiwezesha mahakama kuamua baada ya zaidi ya miaka hamsini. Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 pamoja na gharama zao.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba nyaraka hushinda kila mara. Kundi la pili, lenye walalamishi zaidi ya 40,000, lilifungua kesi yake katika mahakama hiyo hiyo, na mwaka 2018 likashindwa kwa sababu ya kupitwa na muda. Karatasi ikichelewa sana kutoka, hutoka ikiwa historia, na haki huwa imekwisha kuondoka.

Hapa nirejee kwenye lile jibu la tatu. Mwaka 1975 mwandishi wa habari wa Marekani, Harriet Ann Phillippi, aliliomba shirika la ujasusi la CIA nyaraka kuhusu Glomar Explorer, meli iliyotumwa kuinua kwa siri nyambizi ya Kisovieti kutoka chini ya Pasifiki. Shirika lilijibu kwamba haliwezi kukubali wala kukanusha kuwa nyaraka hizo zipo. Kesi ilifika mahakama ya rufaa mwaka 1976, na tangu hapo aina hiyo ya jibu huitwa kwa jina la meli ile. Sheria ya Uingereza nayo ina mlango kama huo: kifungu cha 23 huzikinga kabisa habari zinazotoka kwa mashirika ya ujasusi au zinazoyahusu, na hukinga hata kauli ya kwamba habari hizo zipo. Lakini hata jibu hili lina faida moja. Mahakama ya Marekani ilisema kwamba shirika likitaka kulitumia, ni lazima lieleze hadharani, kadiri inavyowezekana, kwa nini kukiri tu kungeleta madhara. Kukataa kwa sababu huweza kupimwa. Kukana hakuwezi.

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe, maana ni rahisi kuikosoa London kutoka Nairobi. Kifungu cha 35 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaiwekea haki hiyo utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Mwombaji hawajibiki kueleza kwa nini anaitaka habari. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kimya huhesabiwa kuwa ni kukataa, na anayekataliwa anaweza kwenda kwa Ombudsman. Kuiharibu au kuificha rekodi ili isipatikane ni kosa la jinai.

Bila shaka, sheria hiyo hiyo inaruhusu kuzuia habari zinazogusa usalama wa taifa, na habari za shughuli za ujasusi zimetajwa waziwazi. Wengi husoma hadi hapo, wakakata tamaa. Waendelee kusoma. Kifungu hicho cha 6 kinasema pia kwamba habari iliyokaa kwa zaidi ya miaka thelathini huchukuliwa kuwa haizuiliki, mpaka ofisi yenyewe ithibitishe kinyume chake. Mzigo wa kuthibitisha unahamia kwa serikali. Kwa hesabu hiyo, mwaka 1984 umo ndani ya miaka iliyokwisha kufunguka: Februari 1984, watu wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilitaja watu 57. Walionusurika hutaja idadi kubwa zaidi mara nyingi. Miaka ya msako wa Mwakenya na vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo, 1986 na 1987, nayo imo.

Mimi mwenyewe nimeijaribu sheria hii. Niliiandikia ofisi moja ya umma, kwa Kiswahili, nikiomba kumbukumbu za vikao vya kamati ya usalama ya wilaya fulani katika miaka ya 1980. Jibu lilikuwa aya moja: kumbukumbu hizo hazipo katika ofisi hii. Sikubishana. Nilitumia wiki kadhaa kusoma faili zilizo wazi za wilaya hiyo, za kilimo na za chakula cha msaada, ambazo hakuna aliyewahi kufikiria kuzificha. Katika barua moja kuhusu usafirishaji wa mahindi nilikuta kwamba nakala ilipelekwa kwa kamati ile ile, na pembeni kulikuwa na nambari ya faili yake. Nikaandika tena, nikitaja nambari na tarehe. Safari hii niliambiwa kwamba rekodi husika haziwezi kutolewa kwa sababu za usalama wa taifa. Wenzangu walinipa pole. Niliwaambia wanipe hongera, kwa sababu "hakuna" ilikuwa imekufa. Sasa ninayo barua inayokiri kwamba faili ipo, na ombi langu la mapitio linaegemea miaka thelathini ya kifungu cha 6.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, nami naiheshimu. Ujasusi hauwezi kufanyika hadharani, na nchi iliyoshambuliwa kama yetu ilivyoshambuliwa mwaka 1998 na mwaka 2013 haiwezi kuwa na idara ya ujasusi isiyo na siri. Nakubali. Jina la mtu aliyetoa taarifa na lifutwe kwa wino mweusi; wajukuu wake bado wanaishi kijijini. Mbinu zinazotumika hadi leo na zibaki zilipo. Lakini tarehe ya kikao haimsaliti mtu. Idadi ya maiti si chanzo cha taarifa. Jina la ofisa aliyetia sahihi amri, akiwa kazini na akilipwa na umma, si siri ya taifa. Tukizitenganisha tena zile sababu ambazo maelekezo ya 1961 yalizifunga pamoja, tutakuta kwamba kinachostahili kufichwa baada ya miaka arobaini ni kidogo sana.

Kwa wanafunzi na wanaharakati, basi, ushauri wangu ni wa kikazi. Msiandike ombi la "nyaraka zote kuhusu" jambo fulani. Ombi pana hujibiwa kwa neno moja. Tafuteni kwanza kivuli cha faili mahali ambapo hapana ulinzi: katika nakala zilizotumwa wizara nyingine, katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013, katika mkusanyiko wa London ambao sasa uko wazi kwa kila mtu. Tajeni nambari, tarehe, cheo cha mwandishi na cha mwandikiwa. Hifadhini kila jibu, hata la kukataa, kwa sababu barua ya kukataa ni waraka wa kihistoria nao. Kwa watumishi wa umma wa masjala nasema hivi: kabla ya kuandika "hakuna", fungua kabati. Ukikuta faili na mkubwa wako hataki itoke, muombe aandike "hatutoi" na atie sahihi yake. Hilo tu litakuwa huduma kubwa kwa nchi.

Mmoja wa wale wazee watano waliofungua kesi mwaka 2009 alifariki kabla ya hukumu. Wajane wa Wagalla wamengoja zaidi ya miaka arobaini. Sheria inaipa ofisi siku 21, na ofisi inaweza kuzitumia zote. Wao hawana siku za kuchezea.